Jukwaa la Sabuni

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni kufundisha, nilimchemshia mdogo wangu Tabea maji ya tangawizi. Njombe mwezi wa nne maji huuma meno, na koo la Tabea lilikuwa kama mali ya usharika mzima. Ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo za kwaya yetu. Alikuwa akinywa amesimama mlangoni, blanketi mabegani, halafu anajaribu sauti mbili tatu kuelekea kwenye miti ya miwati ya jirani, na mama anaendelea kukoroga uji bila kugeuka. Hatukuwa watu wa maneno mengi asubuhi.

Siku ile alikuwa katikati ya kujaribu sauti Canter ilipoingia uani ikipiga muziki kwa vipaza sauti viwili vilivyofungwa juu ya kichwa chake. Kuku walitawanyika. Uji ulifurika mama akiwa ameshika mwiko, anatazama.

Alishuka Badru. Tulimfahamu. Alikuwa mfanyabiashara wa Makambako aliyenunua mbao kwetu tangu nikiwa nasoma, na baba alipofariki alikuja msibani akakaa chini na wanaume mpaka siku ya pili. Alizima muziki, akavua kofia, akamwamkia mama, na mama akamjibu kwa Kiswahili chake cha taratibu kisha akaongeza kamwene ya Kibena, kwa sababu kwake salamu moja haitoshi mgeni.

Badru alieleza kwamba mbao peke yake hazimlishi tena mtu. Tangu biashara iachiwe huru kila mwenye gari alikuwa wakala wa kitu, na yeye sasa alikuwa wakala wa kampuni ya sabuni. Kampuni ingejenga jukwaa Makambako, uwanjani, Jumatatu ya Pasaka, na bendi ingetoka Dar es Salaam. Walitaka kwaya ifungue, ili wazee na akina mama nao wapate sababu ya kuja. Kwaya ikikubali, lori la kampuni lingewapeleka waimbaji Iringa mwezi wa sita, wakarekodi kanda yao ya kwanza. Miaka ile kila usharika ulikuwa na kanda inayouzwa vibandani, isipokuwa wetu. Mwalimu Danford, kiongozi wa kwaya, alikuwa amekwisha kukubali, lakini alisema mama naye lazima aulizwe, kwa kuwa Tabea ni binti yake na mama mwenyewe anaimba sauti ya pili kwenye kwaya hiyo.

Mama aliuliza kama kutakuwa na pombe.

"Mimi pombe siuzi, mama," Badru alisema. "Ila anayekuja nayo tumboni siwezi kumpekua."

Mama alicheka kidogo, na kwake kucheka ilikuwa ni kukubali. Nilimtazama Tabea. Hakuwa amepata nafasi ya sekondari, na mchana alikuwa akifuma masweta kwa mama mmoja karibu na soko, mashine ikimtetemesha mikono hadi jioni. Pale alikuwa "yule msichana wa mashine". Kwenye kuimba tu ndiko watu walikomwita Tabea. Aliingia ndani akafunga mlango, nikamsikia akicheka peke yake.

Makambako, Jumatatu hiyo, mvua ilikuwa imenyesha asubuhi ikakatika. Uwanja ulikuwa tope. Jukwaa lilikuwa la mbao mpya, bila shaka mbao za Badru, na mbele yake wamezungusha kamba ya katani kwenye nguzo nne. Mgambo wawili wenye fimbo walisimama pembeni wakila karanga. Mimi si mwanakwaya, kwa hiyo nilibaki chini, ndani ya kamba, pamoja na Rehana, mke wa Badru, tukilinda mikoba ya waimbaji.

Sijui watu wale walitoka wapi wote. Mji ule ni wa njia panda na reli, na siku ya sikukuu hakuna anayekwenda popote. Madereva wa malori, wauza viazi, wanafunzi, watu wa vijijini waliokuja kwa miguu, na wengi tu waliokuja kwa magari kutoka kwetu Njombe. Waliokuwa nyuma walisukuma ili waone, na waliokuwa mbele wakasukumwa wasione chochote. Wanaume walibebana mabegani, wa nyuma yao wakawarushia magunzi ya mahindi ili washuke, na magunzi yakatupata sisi. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, ulipita kwenye madumu kutoka mkono hadi mkono, na asiyetaka kunywa alimwagiwa.

Halafu mtangazaji wa kampuni akaanza kurusha sabuni za bure. Alizitupa kama kuku wanavyotupiwa mahindi. Nilimwona mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akianguka kifudifudi, na mtu mzima, mwenye koti la suti, akakanyaga mkono wake ili aokote mche wa sabuni uliokuwa mbele yake. Waliinuka kwenye tope wakiwa wamezishika juu, wachafu kuliko walivyokuja, wanashangilia.

Katika msongamano ule kulikuwa na mikono ambayo haikutafuta sabuni. Kila mwanamke aliyekuwa karibu na kamba aliijua. Rehana aligeuka mara moja tu, akamwambia kijana aliyekuwa ameegemea kamba nyuma yake, "Kaka, mkono wako umepotea huku. Uchukue." Wenzake walimcheka hadi akaondoka. Mimi nilijifunga sweta langu kiunoni nikanyamaza. Nilikuwa nimechoka kabla hata ya wimbo wa kwanza.

Kwaya ilipopanda, mama akiwamo, blauzi nyeupe na sketi nyeusi, kelele ziligeuka kuwa kejeli. Mmoja aliuliza mazishi ni ya nani. Mwingine alisema mahubiri walisikia jana, leo waletewe bendi. Donge la tope lilimpiga Telesia, mwimbaji wa safu ya mbele, kifuani, naye akalifuta kwa kiganja kama anayefuta chozi la mtoto. Mwalimu Danford hakutazama nyuma. Aliinua mikono, na Tabea akasogea hatua moja mbele yao, kwenye kipaza sauti, akaanza.

Nitasema ukweli, walinyamaza. Safu za mbele zilinyamaza kwanza, halafu utulivu ukaenda nyuma polepole, hata waliokuwa mabegani wakatulia. Sauti ya Tabea ilipita juu ya uwanja ule mchafu bila kuugusa. Rehana, ambaye hakuwahi kuingia kanisani, aliniuliza kwa sauti ya chini ana umri gani. Kwa ubeti mzima nilifikiri mambo yatakuwa mazuri.

Kisha mwanamume mmoja akaruka kamba, akapanda jukwaani ana noti mkononi, akambandika Tabea kwenye paji la uso, akashuka akicheza. Watu walipiga makofi.

Kanisani kwetu pia watu huinuka kutuza. Mwimbaji akigusa moyo wa mtu, mtu huyo huja mbele wimbo ukiendelea, na kitenge, au mayai kwenye kikapu, au kuku aliyefungwa miguu. Hutuza, hurudi kukaa. Kwaya haikatizi wimbo. Kukatiza ni kumwaibisha mtoaji, na Mwalimu Danford aliwafundisha tangu wakiwa watoto kwamba wimbo ukishaanzwa ni wa Mungu, na wa Mungu humalizwa. Ndivyo wanavyojua. Kwa hiyo alipopanda wa pili, na wa tatu, na wengine watano pamoja, kwaya iliona watuzaji.

Wale hawakuwa na noti. Mmoja nilimtambua, fundi baiskeli wa mjini kwetu. Walimzunguka. Kutoka chini niliona migongo yao tu na mkono wa Tabea uliotokeza juu, vidole vimefunguka. Kipaza sauti kilianguka. Niliita jina lake. Lakini mimi ni mtu ambaye hata darasani wanafunzi huniomba nirudie, na nyuma yangu uwanja ulikuwa umeanza kupiga miluzi. Nilijaribu kupanda, mtu akanivuta kwa sweta nikaanguka chali kwenye mikoba.

Na kwaya iliimba. Mwalimu Danford, aliyekuwa pale hatua mbili tu, aligeuza kichwa, akatazama, akakigeuza tena, na mikono yake ikawaashiria waongeze sauti. Wakaongeza.

Aliyepanda ni Rehana. Alikanyaga katoni za sabuni, akafika juu, akavua kandambili na kuanza kuwapiga nazo vichwani bila kusema neno, mmoja baada ya mwingine, mpaka wakarudi nyuma wanacheka kana kwamba ulikuwa mchezo. Mgambo walikuja wakati huo. Rehana alivua khanga yake ya juu akamfunika Tabea, kwa maana blauzi haikuwapo tena, alikuwa amejiziba kwa mikono yake tu, akamshusha kwa ngazi ya nyuma. Kwaya ilikuwa ubeti wa tatu. Waliumaliza.

Usiku ule tulilala kwa Badru. Yeye alikaa nje barazani peke yake, na kila alipokuja mtu wa kampuni kuuliza habari alimfukuza kwa upole. Asubuhi alitaka kutupeleka polisi. Mama alisema tunashukuru, lakini atupeleke nyumbani.

Nyumbani walikuja watu. Nimechoka hata kukumbuka walivyokuwa wengi. Walikuja na unga, na maharage, na sala. Kila mmoja alikaa kwenye kiti kilekile na kusema jambo lilelile, kwamba Makambako ni mji wa wapita njia, watu hawajuani, hawana haya, na kwaya ya Bwana haikustahili kupelekwa kule. Nilitaka kuwaambia kuhusu fundi baiskeli, na kuhusu khanga iliyokuwa imekunjwa juu ya kabati ikisubiri kurudishwa kwa mwenyewe. Nikaanza mara moja, mama akanitazama, nikaenda kuchota maji. Telesia alilia akasema hakika walidhani ni kutuza. Tabea aliwapokea wote, akawapa chai, akarudi kukaa kwenye kona yake na sindano za kufumia.

Hakuimba. Hakusema hataki, hakuimba tu. Jumapili alikaa benchi la nyuma pamoja nami, na wakati wa nyimbo alifungua kitabu akafuata maneno kwa macho. Mwezi wa tano ukaisha. Kampuni ilikuwa imetimiza ahadi ya lori, siku ya Iringa ilikuwa inakuja, na Rejoice, aliyewekwa mahali pake, sauti ilimkatikia juu kila jioni ya mazoezi. Mama alirudi kutoka mazoezini, akavua viatu, akakaa anaangalia moto. Aliniambia mara moja kwamba Tabea akiacha sasa hataimba tena maisha yake, na atabaki na ile mashine. Nilijua ni kweli. Tabea naye nadhani alijua.

Jioni moja ya baridi kali Mwalimu Danford alikuja mwenyewe. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililonichosha zaidi. Alikuwa amekonda. Aliamkiana na mama kwa Kibena, akauliza mahindi, ng'ombe, kikohozi cha bibi, kisha akaanza kuzungumza na mama kuhusu Tabea, naye Tabea amekaa pale pale, kama tunavyozungumza juu ya mgonjwa aliyelala.

Alisema anaelewa kwamba binti ana hofu. Mama akasema ndiyo, ni hofu. Mwalimu akasema lakini Iringa si uwanjani, ni chumba, kina mlango na magodoro ukutani, na ndani hataingia mtu yeyote ila kwaya. Wahuni hawatakuwapo. Watakuwa wenyewe kwa wenyewe, kama familia.

Tabea aliweka chini sindano zake za kufumia.

"Mwalimu, shikamoo," alisema, kwa sababu hakuwa amemwamkia.

Mwalimu Danford aliitikia.

"Mimi siwaogopi wale," Tabea alisema. Hakupandisha sauti. "Wale siwajui. Ninyi ndio nawajua."

Mama alisema taratibu, "Mwanangu, tulidhani wanakutuza."

"Mwanzoni, mama. Mwanzoni hata mimi nilidhani." Alikuwa akitazama mikono yake. "Halafu wakanilaza chini. Nilikuwa nawasikia ninyi wote, sauti moja moja. Telesia alikuwa analia huku anaimba. Besi walichelewa kuingia. Wewe nilikusikia vizuri, mama, hukukosea hata mahali pamoja."

Mama aliinama akasogeza kuni motoni. Mwalimu Danford alianza kueleza juu ya wimbo ukishaanzwa, neno lenyewe alilowafundisha, lakini alifika katikati akaliacha. Nje upepo ulikuwa unasukuma mabati. Tabea aliwangoja wote wawili, kwa adabu, kama mtu anayewapa nafasi wakubwa wamalize kwanza. Alipoona hakuna anayeendelea, aliinua uso.

"Sikuwa nangoja mje mpigane," alisema. "Nilikuwa nangoja mnyamaze."