Kombe la Bi Nana

Msellem alipoambiwa asitie kitu mdomoni mpaka apasuliwe ngiri, mkewe Mejumaa hakumhofia yeye. Alimhofia Bi Nana, mamavyaa wake, na bakuli lake la kombe.

Maana mara ya kwanza ndivyo walivyoharibikiwa. Bi Nana aliandikisha aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akazisuuza kwa marashi, akamnywesha mwanawe kombe hilo sebuleni huku Mejumaa yuko uani. Msellem, jitu zima lile, hajui kumkatalia mama yake. Hospitalini wakamuuliza kama amekula au kunywa. Akajibu kwa moyo mweupe, "Hapana, kombe tu." Wakarudishwa nyumbani siku ile ile, maana mwenye kitu tumboni akipewa nusukaputi huweza kutapika usingizini akapaliwa.

Ngiri nayo haikuwa na subira. Ilizidi kutokeza kinenani hata Msellem, mpishi wa halua, akashindwa kushika mwiko, na karai la duka lao pale Kuze likageuzwa kifudifudi. Daktari Taizoon, aliyekuwa akija hospitalini na mashine yake ya kupasulia kwa vitundu vidogo, aliwaonya kwamba utumbo ukinaswa mle watampoteza mtu.

Asubuhi ya mara ya pili Mejumaa alimkuta Bi Nana amekaa kizingitini, bakuli mapajani. Maneno makali alikuwa nayo tayari, ameyapanga tangu jana.

"Mama, leo hanywi."

"Atakunywa. Hapiti hapa bila kunywa."

"Mama, wataka wamrudishe tena?"

Bi Nana hakuinua uso. "Babake alikwenda kupasuliwa ngiri hii hii. Akaniambia kombe atakunywa akirudi. Nikarudishiwa maiti."

Miaka yote aliyokaa nyumba ile, Mejumaa hakuwahi kuambiwa. Hasira zikamwisha zote, akaona haya, akachutama mbele ya yule mama.

"Basi halimwagwi, Mama. Twende nalo, wewe mwenyewe ulibebe. Akizinduka, cha kwanza kupita kooni mwake kiwe hiki, kwa mkono wako."

"Na asipozinduka?"

Mejumaa aliliogopa swali lile kuliko alivyoliogopa Bi Nana mwenyewe. "Atazinduka, inshallah. Na akuone wewe."

Bi Nana akachovya vidole kwenye kombe, akampaka mwanawe, aliyekwisha fika mlangoni, kwenye paji la uso, akasimama na kuomba buibui lake. Tangu afiwe hakuwa amekanyaga hospitali.

Mwaka ule wa mvua za El Nino barabara zilikuwa mashimo matupu. Kuanzia Kuze mpaka hospitalini Kizingo dereva wa teksi alikemewa na Bi Nana kila shimo, mpaka akawa anaendesha kama aliyebeba mayai. Halikumwagika hata tone.

Msellem akaingizwa ndani, tumbo tupu, na mlango ukafungwa. Bi Nana alisoma nyiradi zake bila kuliweka bakuli chini. Mejumaa alitaka kulipokea apumzike, akanyimwa.

Alipofumbua macho, Msellem aliuona uso wa mama yake. Wakangoja mpaka nesi Jacinta aliporuhusu anywe kidogo kidogo, na funda la kwanza likawa la kombe.

Bi Nana akamfunua shati. Alitafuta ule mshono mrefu aliouogopa usiku kucha, asiuone. Palikuwa na plasta tatu ndogo tu, kama za mtoto aliyejikwaa.

"Wamempasua wapi?"

"Papo hapo, Mama," Jacinta akacheka. "Ndiyo kwisha. Kesho mchukueni."

Bi Nana akapiga kigelegele kilichowainua wagonjwa vitandani. Jacinta akamsihi anyamaze, yeye akapiga cha pili, na Mejumaa akakipokea kwa sauti yake yote.

Lilibaki funda moja. Bi Nana akamshika Mejumaa kidevu, akamwekea bakuli mdomoni.

"Nawe kunywa, mwanangu. Leo nimerudishiwa mtu."