Kuonja kwa Niaba ya Baba

Kwetu hakuna mtu wa nusunusu. Baba yetu, Mzee Niyomwungere, aliyevuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, akilima alilima mpaka giza limtoe shambani, akinuna alinuna mwezi mzima, na akinywa, basi tena. Pombe ndiyo iliyomuua. Kaka yetu mkubwa naye ikamuua vilevile. Mimi Ndayikunda sijawahi kuionja, na msidhani ni utakatifu. Najijua. Nikigombana na mtu pale sokoni Kasulu lazima tuamuliwe, na karata marehemu mume wangu alizichoma moto kwa sababu nilikuwa nasahau hata kupika. Mtu wa namna hiyo akae mbali na kibuyu.

Mdogo wangu Makarius hakukaa mbali. Ni fundi baiskeli, tena fundi kweli, lakini aliuza spana, akauza pampu, mwisho akang'oa mlango wa nyumba yake akaenda kuuuza. Mlango, jamani! Mkewe akawa analala ameegemeza meza pale penye tundu. Siku hiyo nilimfuata kilabuni, nikamtukana mbele za watu mpaka sauti ikanikauka, kisha nikamkokota hospitali.

Huko tulimkuta muuguzi mmoja, Sista Faudhia, mama wa hijabu, mpole lakini hacheki na mtu. Alituuliza habari za baba, za babu, za kaka. Nikamwambia, sista, sisi tumelaaniwa, sema tu.

"Si laana, mama, wala hamkurogwa," akasema. "Kuna watu wamezaliwa na mwili unaoipokea pombe kwa namna nyingine. Mwenzako akinywa anachangamka kidogo, anaenda kulala. Wewe ukinywa unajiona umepona ugonjwa ambao hukujua unao. Hilo linatembea kwenye ukoo, kama linavyotembea umbo la pua. Na nyinyi tena, ninavyowaona, hamna breki. Mkitaka jambo mnalitaka sasa hivi, lote. Vikikutana hivyo viwili, ni hatari."

"Na mtoto wangu?" Makarius akauliza. Anaye mmoja tu, Uwimana.

"Si lazima yampate. Wengi hayawapati. Ila mwambie ukweli, naye akijua, asijaribu."

Makarius alitetemeka, akatapika, akaota ndoto za ajabu, lakini aliacha. Akarudisha mlango. Akamketisha binti yake, akamweleza kila kitu bila kujificha. Uwimana alikuwa fundi cherehani tayari, msichana wa kushona usiku kucha kama kuna nguo ya harusi, na alimsikiliza baba yake huku amemshika mkono. Miaka mitatu Makarius hakugusa pombe. Nilianza kulala vizuri.

Ndipo akaja Ildefonsi wa Kibondo, muuza vipuri vya pikipiki, kijana mtulivu, ananyenyekea mpaka unataka kumfinya. Alimpenda Uwimana, na Uwimana, kwa kuwa ni wetu, alimpenda kama anataka kummeza. Alikonda. Akaniambia, "Shangazi, nisipoolewa na huyu sitaki mwingine." Nami nilijua hatanii.

Sasa kwetu huku, kabla ya mahari, watu wanachunguza ukoo. Baba yake Ildefonsi, Mzee Bazilio, alituma watu wakaulize: hawa wana kifafa? Wana wazimu? Wana ulevi? Na mshenga wa upande wetu, binamu Pasikali, mwanamume mwenye ulimi laini, akawajibu kwamba hakuna hata kimoja, na hao waliokufa walikufa kwa malaria. Niliposikia nilichemka. Nikasema twende tukaseme kweli, mtu ameumwa na amepona, aibu iko wapi? Wifi yangu, mama yake Uwimana, akapiga magoti. "Wifi, nakuomba. Wakisikia ulevi wa babu, wa baba, wa baba mkubwa, nani ataoa hapo? Utamuua mwanangu." Makarius mwenyewe akainamisha kichwa. Nikanyamaza, lakini nilinyamaza nikiwa na hasira ya kupasua chungu.

Siku ya mahari walifika wengi, na kwa mila yetu wageni wa heshima hawanyweshwi soda. Majirani walitengeneza pombe ya ndizi, nzuri, inanukia mpaka barabarani. Makarius alishinda kwenye karakana yake siku zote za kuipika, akarudi tu wageni walipokwisha kukaa. Alivaa suti. Nilimwona anavyopumua kwa mdomo ili harufu isimwingie, na roho iliniuma.

Kuna jambo hatukulipigia hesabu vizuri. Kibuyu hakiendi kwa mgeni kabla mwenye nyumba hajavuta mrija mbele ya macho ya watu. Tunaita kutoa sumu. Tulipanga Pasikali ndiye aonje. Akashika kibuyu, akainama, na Mzee Bazilio akainua mkono.

"Ngoja kwanza. Wewe ni mshenga. Baba wa binti yupo, mzima, kakaa pale na suti yake. Mbona asionje yeye?"

"Ana vidonda vya tumbo," wifi yangu akadakia.

"Kuonja tu, mama. Hata kulowesha ulimi. Au mna kitu humo ndani?" Bazilio akasema polepole, "Mimi sinywi mpaka damu ya nyumba hii ionje."

Nilimtazama Makarius. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. Mkono wake ulikuwa umeanza kunyooka kuelekea kibuyu, jamani, polepole, na usoni hakuwa na huzuni. Alikuwa na uso wa mtu anayeitwa na mtu anayempenda. Nikasema moyoni potelea mbali, naonja mimi. Nikaanza kujizoa kwenye mkeka na magoti yangu haya mabovu.

Uwimana alikuwa amepiga magoti anasalimia wakwe. Akanyanyuka haraka, akakichukua kibuyu mikononi mwa Pasikali kabla baba yake hajakifikia.

"Leo ni siku yangu," akasema, anacheka kwa aibu ya bibi harusi. "Damu ya nyumba hii si ndiyo mimi? Baba, nipe ruhusa."

Makarius alifungua mdomo. Aseme nini? Akisema hapana, aeleze sababu. Akanyamaza, na binti akavuta.

Akavuta mara moja. Akasita. Akavuta tena, na hapo akafumba macho. Nikasubiri aache. Hakuacha, mpaka mrija ukakoroma. Wageni wakapiga vigelegele, wanawake wa Kibondo wakacheka, "Huyu ataweza kukaribisha watu!" Bazilio akapiga makofi, akasema yameisha, leteni kibuyu kingine tunywe. Ndoa ikakubaliwa.

Nilimfuata Uwimana jikoni. Nilitaka kumzaba kofi na kumkumbatia kwa pamoja. Alikuwa ameegemea ukuta, mikono imelegea.

"Mtoto wewe, umefanya nini?"

"Nimemwokoa baba, shangazi. Umemwona alivyokuwa." Kisha akaniangalia kama mtu aliyeshangazwa na habari njema. "Lakini shangazi, sikujua. Mwili wote umetulia. Sikuwahi kutulia hivi tangu nizaliwe."

Nyuma yangu Makarius alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Alikaa chini palepale kwenye majivu na suti yake.

Baada ya harusi Uwimana alienda Kibondo kwa shangwe. Miezi ya kwanza simu zilikuwa za furaha, amepata wateja, cherehani haipoi. Halafu zikawa fupi. Halafu akawa anapiga Ildefonsi, anauliza kwa adabu kama mke wake aliwahi kuumwa. Alikuta dumu la pombe nyuma ya mafurushi ya vitambaa. Akalimwaga. Akakuta jingine. Nguo za watu hazikushonwa, na siku moja sindano ilimpita kidoleni na hakustuka. Mwisho akapiga Bazilio mwenyewe, na alichonitukana siwezi kukirudia. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikumjibu mtu, maana alisema tulimdanganya, na kweli tulimdanganya.

Tulikwenda kumchukua binti yetu, mimi na Makarius. Ildefonsi alilia wazi mbele ya baba yake, akasema hamfukuzi, akipona arudi. Uwimana alikuwa amekonda, amevimba macho. Njia yote ya kurudi Kasulu alilala begani kwa baba yake, na yule mwanamume hakusogeza bega hata lilipokufa ganzi.

Hospitali, Sista Faudhia alimwona Makarius anaingia, akaweka kalamu chini kwa huzuni.

"Mzee wangu, umerudia? Haya, usione aibu, karibu, tutaanza upya."

"Mimi niko salama, sista," Makarius akasema. "Nimemleta mwanangu."

Faudhia akamtazama binti, akatutazama sisi, akasema, "Subhanallah," na kuvuta kiti karibu.

Mikono ya Uwimana ilikuwa inatetemeka, haiwezi hata kushika kikombe cha maji. Makarius akaishika yote miwili. Machozi yalikuwa yanamwangukia kifuani.

"Nisamehe, mama. Nilikupa damu yangu. Kisha nikakuachia uonje badala yangu."

Uwimana alimtazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka kujua, kama mtoto anavyouliza.

"Na ule moyo wa kuacha, baba," akasema, "nao ulinipa?"

Makarius akanitazama mimi. Nilimgeukia Sista Faudhia ajibu yeye, naye alikuwa ameinama anamfungia Uwimana kile kitambaa cha kupimia presha.