Vitambaa vya Mama Yvonne

Haron aliupenda ukuta wake kuliko nyumba zenyewe. Ploti yake ya Mountain View ilipakana na Waiyaki Way, na malori yalitapika moshi pale kutwa kucha. Akajenga ukuta, juu yake akaongeza mabati. Wapangaji wakamshukuru. Na kila saa kumi na moja jioni, ndani ya ukuta huo huo, aliwasha pipa akachoma takataka za ploti nzima, nailoni na yote.

Kanyiva, mpangaji wa nyumba ya pili, alikuwa mfua nguo huko Lavington. Bintiye Yvonne, wa miaka tisa, alikuwa na pumu. Mwezi huo walikuwa wamekimbizwa hospitali mara tatu, na mara ya tatu daktari hakumficha: tukio jingine kama hilo, mtoto huenda asirudi nyumbani.

"Si ufunge dirisha," Haron alimwambia. "Ni hizo malori."

"Nimefunga tangu Januari, Baba Ken. Na bado anakosa pumzi."

Wiki iliyofuata Haron aliona vitambaa vyeupe vimetundikwa huku na huku. Akacheka.

"Mama Yvonne, kumbe umezaa na hujatuambia? Napi zote hizi!"

"Si napi. Ni mitego."

"Ya panya?"

"Ya moshi."

Haron alicheka tena, akaenda zake.

Jumamosi mchana Kanyiva alimwita. Alikuwa ameweka beseni nne uani, kila moja na kitambaa chake, na wapangaji wamesimama wanatazama. Mtu aliyefua mashuka meupe ya matajiri miaka kumi na miwili huusoma uchafu kama wengine wanavyosoma gazeti.

"Hiki kilikuwa nje ya ukuta, upande wa malori." Akakifikicha. Maji yakachafuka, kitambaa kikabaki kijivu.

"Si nilikuambia!" Haron akasema.

"Ngoja. Hiki kilikuwa mlangoni kwangu, asubuhi mpaka saa kumi." Kilitakata. Ukuta ulikuwa umefanya kazi, na Haron akavuta pumzi ya fahari.

"Na hiki ni mlango huo huo, saa kumi na moja mpaka giza."

Kilikuwa cheusi kama sufuria ya kuni. Alikifikicha, akakipaka sabuni ya kipande, akakifikicha tena. Weusi ulinata tu, ukinuka nailoni. Haron alitazama pipa, akatazama mabati yake marefu. Alikuwa amezuia moshi wa watu, akafungia wake ndani.

"Na hicho cha nne?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Hicho ni changu," akajibu mkewe, Nyakio, aliyekuwa akikohoa tangu Krismasi. "Nilikitundika dirishani mwetu."

Kilikuwa kama cha tatu. Haron hakukiacha kifuliwe.

Alipoutazama uso wa Kanyiva hakuona ushindi. Mwanamke yule alikuwa akikamua vitambaa vyake, mikono imechubuka. Haron alikuwa amewajua wahandisi kadhaa maishani. Hakuna aliyewahi kumfundisha kitu kwa usafi namna ile.

Saa kumi na moja ilimkuta akilisukuma pipa hadi nje ya geti, kichwa chini. Nyuma yake dirisha la nyumba ya pili liligoma, likagongwa, likafunguka.

"Guka," Yvonne alimwita babu huyo, "leo huchomi?"

"Sichomi tena. Mwambie mama anipe kitambaa kingine cheupe."

"Cha nini?"

"Nikitundike mwenyewe."