Kiti Kisicho na Bibi Harusi

Kamera ya Kaltumi ilikuwa imeanza kuona watu wasiokuwepo.

Ilianza katika harusi moja ya Kansanga, chumbani kwa wanawake, mahali ambapo yeye huruhusiwa kuingia na kamera kwa kuwa ni mwanamke na ni Mnubi kama wao. Alimlenga bibi harusi. Ule mraba mdogo wa kijani, ambao kamera za siku hizi huuweka juu ya uso wa mtu ili zijue pa kukazia macho, ukatua usoni kama kawaida, ukatetemeka, kisha ukateleza kando na kwenda kutulia karibu na pazia. Pale kwenye pazia hapakuwa na mtu. Kaltumi alibonyeza hivyo hivyo, na bibi harusi akatoka ana uso wa ukungu.

Aliipeleka kwa fundi wa Mengo. Fundi akaifungua, akaipuliza vumbi, akamrudishia akisema haina ugonjwa wowote. Harusi iliyofuata, mraba ukakimbilia mkekani, kimo cha mtu aliyeketi. Nyingine tena, ukasimama mlangoni kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Akina mama wakaanza kunong'onezana kwamba picha za Kaltumi siku hizi zina moshi. Kazi zikapungua. Usingizi nao ukampungua, maana moyoni alikwisha kushuku ni nani yule ambaye kamera inamwona.

Ndiyo maana alikwenda Lugogo kwenye maonyesho ya kamera na lenzi. Alijiwekea sharti: atajaribu kamera mpya. Ikiona sawasawa, basi mgonjwa ilikuwa ile ya zamani, ataiuza na kupumua. Ikifanya vile vile, basi mgonjwa ni yeye, na ataitundika kazi hii asiiguse tena.

Ukumbi ulinukia plastiki mpya na zulia lililotandikwa asubuhi. Wauzaji wengi walikuwa wametoka Nairobi, hivyo siku hiyo Kiswahili kilitamba Kampala bila kuomba ruhusa. Vijana walishika lenzi nene kama mapaja ya mbuzi, wakalenga taa za darini, wakaonyeshana vioo na kutikisa vichwa kama waganga. Kaltumi alipita katikati yao na mtandio wake, mkoba begani, hadi kwenye kibanda kimoja chenye televisheni kubwa. Kila kamera ya pale ilikuwa imeunganishwa kwa waya na televisheni hiyo, ili anachokiona mwenye kamera kionwe na wote.

Mwenye zamu alikuwa Otema, bonge la mtu mwenye sauti ya gwaride. Alizaliwa katika kambi ya polisi ya Nsambya, akalelewa na Kiswahili cha uani, na hata leo kila mteja kwake ni afande.

"Karibu, afande. Shika hii. Haiumi."

"Inakamata uso vizuri?" Kaltumi aliuliza.

"Uso? Hii inakamata mpaka jicho. Ukifumba la kushoto, inahamia la kulia. Mke wangu ameikataa nyumbani."

Kaltumi akacheka kidogo. Akatia ndani kadi yake mwenyewe ya picha, akaipandisha, akamlenga Otema. Mraba ukaruka juu ya jicho lake ukakaa. Otema akazunguka, akachutama, akajificha nyuma ya nguzo na kutokeza kama mtoto. Mraba ukamfuata kila alikokwenda. Kaltumi akageukia umati. Uso, uso, uso, kila mmoja na mraba wake. Akalenga ukuta mtupu na kungoja. Ukuta ukabaki ukuta.

Akashusha pumzi ambayo alikuwa ameibeba tangu Kansanga.

"Unafanya kazi gani, afande?"

"Harusi. Vyumba vya wanawake."

"Ah, basi njoo huku. Tumekutengenezea chumba chako mwenyewe."

Nyuma ya kibanda walikuwa wametandika jukwaa la harusi ya Kinubi ili watu wajaribie lenzi: mikeka, vitambaa vya rangi kali, zile tabaga za ukili za kufunikia chakula zimepangwa ukutani, na katikati kiti cha bibi harusi, cha mahameli nyekundu, mikono ya kuchongwa. Binti aliyekodiwa kukaa pale kama bibi harusi alikuwa amekwenda kula. Kiti kilikuwa kitupu.

Kaltumi alikitambua kabla hajakifikia. Kwenye mkono wa kushoto palikuwa na tundu jeusi lililounguzwa na kaa la udi. Yeye mwenyewe alikuwapo kaa hilo lilipoanguka. Aliyekalia kiti wakati ule aliruka huku anacheka, na Kaltumi akaipata picha hiyo katikati ya mruko.

Alikuwa Shamim, rafiki yake tangu chuo cha Kurani cha Kisenyi.

Kaltumi ana desturi yake ya kazi, na akina mama wote wanaijua. Humo ndani watu wako vichwa wazi, wamejiachia, kwa hiyo kila baada ya kupiga humgeuzia bibi harusi kioo cha kamera, naye huamua: ikae, au ifutwe. Mama yake bibi harusi hana kauli. Shangazi hana kauli. Shamim, nywele zimemwagika mabegani, mkono umeziba mdomo, aliitazama picha ile ya mruko akasema, "Hii ikae. Siku moja binti yangu aone mamake hakuzaliwa mzee."

Binti alizaliwa kweli. Shamim hakuwahi kumbeba.

Matanga ya Shamim hayajaisha, kaka yake, Faruk, alimfuata Kaltumi uani penye masufuria. Alikuwa amelia mpaka sauti imekwisha. "Simu zinaibwa, Kaltumi. Kadi zinapotea. Sitaki kumkuta dada yangu na nywele zake kwenye simu ya mtu huko sokoni Kikuubo, naye hawezi kuinuka kujifunika." Akanyoosha mkono, akaichukua kamera, na kwa kidole chake mwenyewe akazifuta moja baada ya nyingine. Ile ya mruko ilikuwa ya mwisho. Aliitazama kitambo, kisha akabonyeza.

Na Faruk ndiye mwenye viti vya kukodisha na mapambo ya harusi pale Kisenyi. Kaltumi alipoinua macho alimwona, amepiga magoti kando ya jukwaa, anakaza kitambaa kwa pini.

"Kaltumi," alisema, akasimama na kujipangusa. "Umekonda."

"Salama, kaka Faruk. Mtoto hajambo?"

"Hajambo. Hajati amemdekeza mpaka hashikiki." Hajati ni Maimunah, mama yao Faruk na Shamim.

"Afande, piga basi," Otema akadakia. "Piga kiti tu, uone rangi nyekundu inavyotulia. Bibi harusi anamalizia pilau."

Angeweza kusema amechoka. Angeweza kuirudisha kamera mezani na kuondoka na furaha yake changa. Lakini sharti ni sharti, na ukuta mtupu haukuwa mtihani. Kaltumi akaipandisha kamera na kulenga kiti.

Mraba wa kijani ukawaka juu ya mahameli, kimo cha uso wa mwanamke aliyeketi.

Haukutetemeka. Ulikaa pale kwa utulivu, na katika televisheni kubwa nyuma yao ukakaa vile vile, mkubwa kama sinia.

"Ni tabaga," Otema alisema haraka. "Zile duara za ukutani. Mashine huona macho hata kwenye vifungo vya shati." Akapanda jukwaani, akaziondoa zote, ukuta ukabaki mweupe. Mraba haukubanduka. Akapita mbele ya kiti. Mraba ukamrukia, ukamfuata hatua kadhaa, kisha ukamwacha na kurudi kitini. Otema aliteremka bila utani mdomoni.

Vijana wenye lenzi nene walianza kusogea. Mmoja akacheka, mwenzake akamsukuma anyamaze.

Hapo mraba ukainama. Ulishuka polepole mpaka karibu na magoti, ukageuka wa manjano kama inavyokuwa mtu anapojiziba uso, halafu ukapanda tena na kurudia kijani. Ukainama tena. Ukapanda.

Kaltumi aliujua mwendo ule wa mwili. Shamim hakuwa anacheka kwa kuangalia juu kama watu wengine. Alikunjika, akajiziba mdomo kwa mkono, akainuka kuvuta hewa, akakunjika tena. Chuoni walimwita pampu.

Alimtazama Faruk. Pini zilikuwa zimemdondoka kiganjani. Midomo yake ilikuwa inasoma kitu bila sauti, na macho yake yalikuwa yanapanda na kushuka, yanapanda na kushuka, pamoja na mraba.

"Zima," alisema.

Kaltumi aliendelea kulenga. Sharti lake lilikwisha kujibiwa, ila si kwa namna aliyoiogopa. Kamera haikuwa mgonjwa, na yeye hakuwa mgonjwa. Kulikuwa na mtu aliyesema ikae, na neno lake likavunjwa, na tangu siku ile alikuwa anazunguka vyumba vya wanawake kutafuta mwenye kamera amwone.

"Zima nimesema, Kaltumi."

Alibonyeza.

Picha ikajaa kwenye televisheni. Hapakuwa na Shamim. Kilikuwapo kiti, lakini kiti chenyewe kilikuwa kimefifia, mahameli imelegea kama rangi iliyomwagiwa maji. Kamera haikukikazia macho kiti. Ilikazia mahali pa hewa mbele ya kiti, mahali pasipo na kitu, na katika hewa hiyo vumbi la ukumbi lilionekana punje kwa punje, kali kama sindano. Punje hazikuwa zimetapakaa ovyo. Zilipita huku na huku, zikaacha katikati nafasi ya kimo cha mtu aliyeketi, ambayo haikuguswa na hata moja.

Otema akasema chini chini, kwa lugha ya mama yake, neno ambalo Kaltumi hakulijua wala hakuhitaji kufasiriwa.

Faruk alikuja mpaka mbele yake. "Ifute."

"Wewe si wa kuniambia hivyo."

"Mimi ni kakake."

"Najua. Na yeye ndiye bibi harusi."

Kaltumi akachomoa waya wa televisheni, kioo kikubwa kikawa cheusi. Akapanda jukwaani na viatu mkononi, kama anavyoingia vyumbani siku zote. Akachutama mbele ya kiti, akaigeuza kamera na kukielekeza kioo chake kidogo kwenye mahameli. Akangoja, kama anavyowangojea wote, bila kuharakisha, kwa sababu bibi harusi wengine hutaka kujitazama mara mbili. Ukumbi mzima ulikuwa unauza na kununua nyuma yake. Kutoka kwenye tundu lililoungua la mkono wa kiti alisikia harufu ya udi, nyembamba, kama ya nguo iliyotunzwa sandukuni.

Kwake hilo lilikuwa ikae. Akainuka. Akafungua tumbo la kamera, akatoa kadi yake, akaifunga kwenye ncha ya mtandio kama mabibi walivyofunga vitu vyao, akamrudishia Otema mashine yake.

"Ni kamera nzuri," alimwambia. "Haina tatizo."

Otema aliipokea kwa mikono miwili, hakuiweka mezani.

Faruk alikuwa amesimama pale pale. Macho yake yalikuwa mekundu, na watu walikuwa wanamtazama, na hilo la kutazamwa ndilo alilolishika kwa sababu lile jingine halikushikika.

"Umeniaibisha mbele ya watu," alisema. "Umemchezea marehemu. Nilikuomba matangani kwa heshima, ukanikubalia, leo unanigeuka hadharani. Utakwenda na mimi kwa Hajati sasa hivi, na utaniomba radhi mbele yake."

"Kwa Hajati nakwenda," Kaltumi alisema, akishika fundo la mtandio. "Nina kitu cha mtoto cha kumpelekea. Na wewe twende, ukipenda."

"Na radhi?"

Kaltumi alivaa viatu vyake, kimoja, kisha kingine.

"Hiyo sikuombi, kaka Faruk."