Siku Tano Bila Kumpigia Merle

Masharti aliyaweka Merle mwenyewe, ameegemea meza ya kukandia, unga umemkaa mpaka kwenye nyusi.

"Siku tano, baba. Kesho Jumanne wewe na mama mnapanda baiskeli hapa Celle, mnaufuata mto mpaka baharini. Usinipigie simu, usitume mtu. Ukinipigia kabla miguu yako haijalowa maji ya chumvi, Jumatatu sitii saini. Narudi zangu Hannover kuoka keki za hotelini, na hili tanuri umuuzie umtakaye."

"Na tanuri likigoma?"

"Litanigomea mimi, si wewe."

Eckhard Wrede alicheka, lakini kwa mdomo tu. Alimjua binti yake. Akisema hapana, hata umlilie machozi ya damu, ni hapana. Alikuwa na huyo mmoja tu. Asipotia saini kulirithi duka la mikate la ukoo, kibao cha mlangoni chenye jina la babu yake Eckhard kingeshushwa, na mtu fulani angefungua humo duka la miwani. Hakuna alichokitaka duniani zaidi ya Merle kulichukua duka na tanuri lile, na hakuna kilichomshinda zaidi ya kumwacha nalo saa moja. Wazee walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na kweli, ndani ya kifua cha mwokaji huyu hapakukalika.

Basi wakaondoka. Gesine, mkewe, alikuwa na baiskeli ya umeme na kofia ya majani, na nia yake ilikuwa kuona korongo kwenye mapaa ya vijiji, kunywa kahawa chini ya miti na kufika wakati wa kufika. Eckhard alikuwa na baiskeli yake ya chuma ya tangu ujana, simu kwenye mfuko wa shati upande wa moyo, na hana nia yoyote. Alitangulia nusu kilomita, akarudi, akatangulia tena, kama mbwa aliyefunguliwa.

"Ukifika baharini utakuwa umekwenda mara mbili," Gesine alimwambia. "Nani anakufukuza, bwana?"

"Hakuna. Nanyoosha miguu."

"Miguu imenyooka. Kaa unywe kahawa."

Alikaa, akainuka. Kwake kila saa ilikuwa na kazi yake: saa nane za usiku kuwasha, saa tisa unga, saa kumi na moja mikate midogo itoke, saa kumi na mbili kufungua mlango. Sasa saa zilikuja mikono mitupu. Kila mji waliopita aliingia duka la mikate, akanunua mkate mmoja, akauminya kwa kidole gumba na kusikiliza ganda lake likilia. Huko Verden alisahau kuununua kabla ya kuuminya.

"Wewe mzee!" alifoka muuzaji. "Huo mkate ni mtoto, unampima homa?"

"Umetolewa mapema. Dakika tatu zaidi tu."

"Na wewe umeingia mapema. Toka, urudi tukishafunga!"

Gesine alicheka mpaka akashika usukani wa baiskeli asianguke. Eckhard hakucheka. Alikuwa akijiuliza kama Merle naye anatoa mikate mapema, kama anakumbuka kwamba siku ya joto chachu hupanda haraka, na mbona joto limekuwa kali hivi, na nani aliyeamuru joto mwezi wa Juni wiki ile ile.

Siku ya nne, baada ya kuipita Bremen, walilala Brake, kwenye nyumba ya wageni kando ya mto. Asubuhi yake, Gesine akiwa bado anafunga mikoba ghorofani, Eckhard alimsogelea mwenye nyumba, mama mnene aliyeitwa Bi Tietjen, akamwekea kikaratasi juu ya kaunta.

"Nisaidie jambo dogo, bibie. Piga namba hii, uliza kama leo wana mkate mweusi."

Bi Tietjen alisoma namba. "Hii si ya Celle? Mzee, wataka mkate utoke Celle mpaka hapa? Huo utafika umeota ndevu."

"Uliza tu. Usiseme ni mimi. Sikiliza sauti ya msichana, uniambie ikoje."

"Ikoje namna gani?"

"Kama ya mtu aliyelia."

Mama yule akaacha mzaha. Akamtazama vizuri, kisha akanyanyua simu ya mezani na kuanza kubonyeza, tarakimu baada ya tarakimu, na Eckhard akahesabu pamoja naye moyoni. Ilipobaki moja, akaiona Jumatatu: Merle amesimama na sanduku lake mlangoni, wala hana hasira, amechoka tu na baba asiyemwamini. Akakichomoa kikaratasi chini ya mkono wa mama yule.

"Acha. Nimekumbuka. Sipendi mkate mweusi."

Alisema hivyo, mtu aliyeoka mkate mweusi miaka thelathini na minne. Gesine aliposhuka na mikoba alimkuta ameshapanda baiskeli, masikio yamemwiva.

Siku hiyo, ya tano, alikuwa kiguu na njia kweli. Jumamosi! Siku ambayo Celle nzima hupanga foleni kununua mikate ya wikiendi, ikizunguka kona mpaka nyuma ya kanisa, na Merle yuko peke yake. Aliendesha bila kutazama kushoto wala kulia. Saa sita u nusu mchana waliliona tuta refu la kuzuia bahari huko Duhnen, kondoo wakila nyasi juu yake. Akaitupa baiskeli kwenye nyasi, akavua viatu, akavua soksi, akapanda tuta mbio huku mkono umeshashika simu.

Huko juu akasimama.

Bahari haikuwepo. Kulikuwa na tope la kijivu linalong'aa mpaka upeo wa macho, ndege wakilichokoachokoa, na watu watatu wadogo sana wanatembea huko mbali.

"Iko wapi?" alimfokea mwanamke aliyekuwa akipangusa viti vya kikapu vyenye paa. "Bahari iko wapi?"

"Imetoka," alijibu mwanamke yule, bila kuacha kupangusa. "Ulikuwa na miadi nayo?"

"Inarudi lini?"

"Saa kumi na moja u nusu hivi itafika hapa. Kodi kiti, mzee. Ukisimama haiji upesi zaidi."

Gesine alifika taratibu, kofia kichwani, akatoa mkobani kijitabu cha saa za maji kujaa na kupwa. Ukurasa wa Jumamosi ile ulikuwa umekunjwa ncha.

"Ulijua," alisema Eckhard.

"Tangu Machi."

"Saa tano nzima, Gesine! Saa tano nikodolee tope!"

"Saa tano ukae na mimi." Alilipia kiti, akaketi na kujisogeza kumpisha nafasi. "Miaka yote hiyo saa kumi na mbili jioni wewe uko kitandani. Nimekula chakula cha jioni na redio, Eckhard. Nimeizoea sauti ya msoma habari kuliko yako. Sasa keti."

Eckhard aliketi. Walikula mikate yenye samaki wa chumvi, akaulaani mkate kwamba ni wa kiwandani, akaumaliza. Akainuka. Akashuka kwenye tope hadi alipopata dimbwi, akatia mguu, akaonja kidole.

"Ni chumvi!" alipiga kelele. "Maji ya chumvi, nimelowa!"

"Kama kwako dimbwi ni bahari, piga," Gesine alijibu kutoka kitini. "Sitasema neno."

Akatoa simu. Jina la Merle lilikuwa pale, kidole gumba juu yake. Akasimama hivyo mpaka tope likampanda vifundoni, kisha akarudi na kuketi kwa kishindo.

"Vipi?"

"Naogopa."

"Kwamba ameunguza?"

"Angeunguza ningepona!" alisema Eckhard, na machozi yakamlengalenga mbele za watu. "Naogopa kwamba kila kitu kimekwenda sawa. Foleni imekuja, imenunua, imekwenda, na hakuna hata mmoja aliyeuliza, mzee yuko wapi."

Gesine hakumfariji kwa uongo. Aliushika mkono wake, ule wenye makovu ya tanuri, akauweka pajani mwake, na safari hii haukuchomoka. Wakazungumza. Kwanza mambo ya tope, halafu ya korongo, halafu mambo ambayo watu huyasema wakiwa wachumba.

Maji yalirudi bila kishindo, yakajaza vijito kwanza, yakaunganisha madimbwi, mara yakawa chini ya ngazi za tuta. Eckhard aliingia mpaka magotini. Kichwani alikuwa na maswali ishirini, ameyapanga tangu Verden: tanuri, chachu, joto, foleni. Akabonyeza. Iliita, ikaita.

"Mmh?" Sauti ilikuwa nzito, imetoka chini ya mablanketi.

"Merle! Ni baba! Niko baharini, miguu—"

"Baba... saa ngapi hizi?"

"Saa kumi na moja u nusu."

"Jioni?" Akapiga mwayo mrefu. "Baba, nimelala. Nani humpigia mwokaji saa hizi? Kesho Jumapili, naamka saa nane usiku. Nipigie baadaye. Nimefurahi umefika."

Ikakatika.

Eckhard alibaki na simu sikioni. Yeye mwenyewe, akiwa amelala jioni, hakuna aliyewahi kuthubutu kumwamsha. Wageni walinong'ona ngazini, na Merle mdogo alifundishwa kutembea kwa ncha za vidole. Maji yalimfika mapajani, suruali ikalowa, hakusogea.

"Anasemaje?" Gesine aliita kutoka ufukweni. "Yuko sawa?"

"Nimemwamsha," alisema Eckhard, na alisema kwa kunong'ona, ingawa Celle ilikuwa mbali mno kusikia.