Mto Ambao Mama Anafulia

Garimoshi linaiacha stesheni ya Paris, jua la mchana linampiga usoni, na Honorine Kervadec anasinzia, yule mkaguzi wa shule aliyewafungulia mabinti wa mashambani madarasa huku mabwana wakubwa wakimcheka, aliyepiga marufuku bakora, na aliyeamuru pia kwamba shuleni kisemwe Kifaransa tu, maana aliamini Kibretoni, lugha ya kwao, kitawafunga watoto katika ufukara uleule uliomfunga mama yake, dobi, ambaye leo anakwenda kumzika.

Usingizi unamchukua na njia inafunguka, njia isiyo na mwisho, na kila akikata kona anaukuta mji uleule, kuta zake vioo vitupu, na katika kila kioo yumo yeye akipigiwa makofi, ila makofi hayasikiki. Mtu asiye na uso anamtangulia. Hapa ni wapi? anauliza Honorine. Pale ulipopajenga wewe, anajibu mtu yule bila kugeuka. Na watoto wako wapi? Wamefaulu wote, bibi, ndiyo maana hakuna aliyerudi. Anataka kukasirika lakini miguu inafuata tu, inafuata, na mji unayeyuka, unakuwa mto, na ukingoni amepiga magoti mama yake, anafua, mikono imemwiva kwa maji ya baridi.

Mama!

Mama anainua kichwa, uso unamchangamka, anaanza kusema, anasema mengi kwa Kibretoni, mbio mbio, kama mtu aliyeyaweka maneno miaka na miaka, na Honorine haambulii kitu. Polepole, mama. Sema tena, tafadhali. Lakini anasema kwa Kifaransa, na sasa mama ndiye asiyeelewa, anatabasamu kwa adabu, vile watu wanavyomtabasamia mgeni mkubwa. Honorine anamvuta koti yule asiye na uso. Anasema nini? Nitafsirie, nakusihi! Naye anajibu: Mlango ulioufunga wewe, mimi nitautolea wapi ufunguo? Mama anakusanya nguo zake, anaingia majini, na maji yanamfunika.

Honorine anashtuka. Behewa linatikisika, mashamba ya kwao yanapita dirishani, na mwanamke mzee mwenye kofia ya lesi, aliyeketi mbele yake, ameinama kumshika mkono, anamwambia jambo kwa Kibretoni, kwa upole, labda pole, labda anamuuliza anateremkia wapi. Honorine anatega sikio apate japo neno moja, neno lolote. Halipati. Anafumba macho kwa nguvu, akiomba kimoyomoyo awe bado amelala.