Kengele ya Vernolle Ilipokwenda Roma

Usiku wa jana niliota niko Ufaransa, kijiji cha Vernolle, ambako sijawahi kufika japo nimezurura sana. Mto uko chini, mizabibu iko kilimani, katikati nyumba chache za mawe na kanisa.

Bi Odile, meya wao, alinijia mbio, amejifunga mshipi wa rangi tatu.

"Shikamoo, mzee. Sauti unayo?"

"Marahaba. Ninayo. Kuna nini?"

"Kengele yetu imekwenda Roma. Kila Alhamisi Kuu huenda, hurudi Pasaka."

"Si wanaambiwa watoto hayo?"

"Wanaambiwa kwa kuwa ni kweli. Na mpaka wa kijiji ni pale kengele inapoishia kusikika. Isipolia, hatuna mpaka."

Natazama chini. Kijiji cha jirani, Corbasse, kinavuka mto. Nyumba zimepandisha vizingiti kama akina mama wanaonyanyua kanga zisilowe. Duka la mikate limetangulia.

"Mnakwenda wapi?" nauliza.

"Kwetu," duka linajibu. "Hapo ni kwetu sasa."

"Mimi sikuombwa hata ruhusa," mto unanung'unika. "Tangu ugonjwa ulipokausha mizabibu yao, zamani za babu zao, wanakimezea mate kijiji hiki."

Uwanjani, askari wa jiwe anayelinda majina ya waliokufa vitani anaangua kilio. "Wakituchukua, tutaandikwa watu wa Corbasse! Mimi sikufia Corbasse!"

Hilo lilinichoma. Kufumba na kufumbua nimo mnarani mwa kanisa, mahali pa kengele, naning'inia kichwa chini, kamba kiunoni. Bi Odile anavuta.

"Taratibu, mama, kiuno hicho kina umri!"

"Lia, mzee!"

"Ngoo!"

Duka la mikate linarudi nyuma, mikate inadondoka.

"Ngoo!"

Shule ya Corbasse inateleza, inakaa mtoni. Mnara unageuka stesheni ya Tabora. Abiria wananiuliza treni inaingia saa ngapi. Nalia tu. Stesheni inarudi kuwa mnara.

"Babu ana pafu huyu!" Corbasse wanalalamika, huku nyumba zao zinapanda ng'ambo moja moja, zinakamua mapazia. Askari wa jiwe anapenga kamasi, anasimama wima.

Ndipo kengele yenyewe ikatua, ina vumbi la safari, imebeba mayai ya chokoleti.

"Nani kakaa pangu?"

"Mpita njia," nikasema.

"Umefanya kazi. Ila unalilia puani."

Nikaamka. Koo limekauka, kumekucha, na jirani yangu Bi Siwatu anapiga kelele nje.

"Mzee Lugendo! Ua wangu umeusogeza wewe?"

Nikachungulia. Ua wa kati yetu ulikuwa umerudi ndani kwake, umeupita mpapai wake, na kuku wake walikuwa wakiutazama.

"Sijaugusa, mama," nikamjibu kwa nguvu.

Ua ukarudi nyuma tena kidogo.